Boksi la treni ya kuchezea: onyo lipi ulisome kwanza

Tangu watu wajue kwamba najenga treni ndogo za umeme hapa Shangani, Mtwara, wananitumia picha za maboksi kwa WhatsApp. Mmoja kaletewa seti na kaka yake anayefanya kazi nje, mwingine kaipata kwenye mtumba Dar es Salaam. Karibu wote huzungushia duara jekundu maneno yale yale, onyo la saratani lenye jina la jimbo la California, na wanauliza kama wakitupe kitu chenyewe. Bado sijaona picha iliyozungushiwa duara kwenye kile kikaratasi cha tumboni mwa adapta, chenye herufi ndogo ambazo bila miwani huzisomi. Hicho ndicho kinachoweza kukuunguzia nyumba.

Kwa hiyo leo naomba tuyapime maonyo haya kwa uzito wake katika nyumba zetu, maana yaliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria nyumba za kwao.

Nianze na hilo la California ili tulimalize. Mwaka 1986 wapigakura wa jimbo hilo la Marekani walipitisha sheria inayoitwa Proposition 65. Inamtaka mfanyabiashara mwenye wafanyakazi kuanzia 10 amwonye mteja kabla hajakutana na kemikali yoyote iliyomo kwenye orodha ya jimbo, na orodha yenyewe imeshavuka kemikali 900. Asipoonya, faini inaweza kufika dola 2,500 kwa siku kwa kila kosa. Mwenye kiwanda akiona hivyo anabandika onyo kwenye kila boksi, liwe linakwenda California au linakuja Mtwara, kwa sababu kuchapa maboksi ya aina mbili ni gharama. Onyo hilo halisemi kemikali imo kiasi gani, wala halisemi imekaa sehemu gani ya treni.

Mara nyingi kinachotajwa ni madini ya risasi. Kwenye treni utayakuta kwenye maungio ya nyaya yaliyolehemewa, kidogo kwenye vipande vya shaba ya njano, na kwenye vile vizito vilivyofichwa ndani ya mabehewa ya zamani ili yasiruke reli. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo sisemi onyo lipuuzwe. Nasema ujue njia ambayo sumu hiyo inaingilia, nayo ni mdomo na vumbi. Kwenye meza yangu hakuna ruhusa ya kutafuna korosho huku unashika mabehewa, na kila aliyeshika ananawa kwa sabuni kabla ya kwenda kula. Nikipiga shaba tupa au kusugua rangi ya zamani kwa msasa, nafanyia nje, nalowesha, kisha nafuta kwa kitambaa chenye maji. Sifagii, maana ufagio unainua vumbi na kulirudisha puani. Ukifanya hayo umelitii onyo la California kuliko hata wengi wanaoishi huko.

Sasa twende kwenye umeme, na hapa naomba tusikimbie.

Kijana wa jirani yangu alikuja jioni moja na seti ambayo shangazi yake alimtumia mdogo wake kutoka Marekani. Boksi zuri, injini nyeusi, mabehewa matatu, reli za kuunganisha duara. Alikuwa ameshanunua ile plagi ya kubadilishia kwenye duka la vifaa karibu na Soko Kuu.

"Shikamoo, ba'mdogo. Nimeijaribu kwenye soketi, inaingia vizuri kabisa. Nimekuja tuiwashe pamoja."

"Marahaba. Subiri kwanza. Geuza hiyo adapta unisomee."

Akaisogeza kwenye taa. "INPUT, 120V, 60Hz."

"Na umeme wa TANESCO?"

Akanyamaza kidogo. "Si ni mia mbili na kitu?"

Ni 230. Plagi ya kubadilishia inabadilisha umbo la pini tu, volti zinabaki zile zile. Transfoma iliyosukwa kwa volti 120 ukiipa 230, chuma chake cha ndani kinazidiwa, mkondo unapanda ghafla, nyaya nyembamba zilizosokotwa ndani zinachemka na ngozi yake ya varnishi inaungua. Kama ina fyuzi utashukuru. Kama haina, utasikia harufu kwanza, halafu moshi. Na kabla haijafa inaweza kutoa karibu volti mara mbili ya zile zinazotakiwa kwenye reli, ambapo ndipo ilipo mikono ya mtoto.

Dawa yake si ghali. Ama utafute transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 110 au 120, yenye wati zinazozidi zile zilizoandikwa kwenye kifaa chako, ama ununue adapta nyingine kabisa iliyoandikwa INPUT 100-240V. Ukichagua hii ya pili, soma na mstari wa chini yake, OUTPUT. Volti zilingane na zile za mwanzo, aina ya mkondo ilingane, chanya na hasi zikae mahali pake, na ampia ziwe sawa au zaidi. Treni nyingi za vipimo vya HO na N, saizi mbili za kawaida za treni ndogo, zinaendeshwa kwa mkondo mnyoofu (DC) wa volti 12 hivi, lakini usikariri namba yangu. Soma ya kwako.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Soketi zetu za matundu matatu zina vifuniko vya ndani vinavyofunguka pini ndefu ya juu ikiingia. Watu wengi wana chaja za pini mbili, kwa hiyo wanachomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, pini mbili zinaingia. Wengine hawana hata plagi: wanamenya ncha za waya na kuzikandamiza kwa njiti ya kiberiti. Mtoto anakaa pembeni anaangalia. Sasa fikiria seti ya treni inavyoonekana machoni mwake. Kutoka kwenye reli zinatoka nyaya mbili zilizomenywa ncha, na ukutani kuna matundu mawili. Ameona mjomba wake akifanya, atafanya.

Ndiyo maana seti nyingi za Ulaya zina sentensi inayosema nyaya hizi zisiingizwe kwenye soketi ya ukutani. Unaweza kudhani sentensi hiyo haina maana, nani atafanya hivyo? Kwa nyumba zetu naiona kuwa sentensi muhimu kuliko zote kwenye boksi. Reli za treni ni chuma kitupu, hazina ganda. Ukizipa volti 230 unakuwa umetandaza waya wa umeme sakafuni na kumwita mtoto aje acheze. Ulaya wenyewe waliwahi kuuza treni za aina hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita, zikipata umeme wa nyumba kupitia balbu tu, na wakaziacha kwa sababu ya hatari hiyo. Leo sheria za huko zinataka umeme wa kifaa cha kuchezea usizidi volti 24. Kinachosimama kati ya 24 na 230 ni kile kiboksi cha transfoma peke yake. Kwa hiyo seti ikiingia nyumbani, nyaya za reli zifungwe moja kwa moja kwenye transfoma yake na zisibaki zinaning'inia. Na kile kijiti kwenye soketi tukiache, hata kwa chaja ya simu.

Kwenye tumbo la adapta kuna michoro pia. Mraba ndani ya mraba maana yake kifaa kina matabaka mawili ya kuzuia umeme usikufikie, hakihitaji waya wa ardhi, na ganda lake likipasuka kitupwe. Kinyumba kidogo maana yake ni kwa matumizi ya ndani tu. Sisi tunaokaa karibu na bahari tuuheshimu huo mchoro. Upepo wa Shangani una chumvi, na kifaa kilicholala barazani kinaanza kutu haraka. Umeme ukikatika chomoa. Ukirudi, subiri utulie ndipo uchomeke.

Sasa umri. Mchoro wa uso wa mtoto wenye 0-3 uliokatwa na mstari mwekundu wengi wanaujua, lakini wanausoma vibaya. Wanaona kama cheti cha akili: "Wangu ana miaka miwili lakini mjanja, ataweza." Onyo lile halihusu akili. Linahusu koo. Wakaguzi wa vifaa vya watoto wanatumia kikombe cha chuma chenye upana wa milimita 31.7, kilichokatwa mshazari ndani, kina chake kikianzia milimita 25.4 hadi 57.1. Kinachoingia chote humo kinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka 3. Gurudumu la behewa linaingia. Ndoano ya kuunganishia mabehewa inaingia. Sanamu ya abiria kwenye kipimo cha HO, ambacho ni moja kwa 87, ina urefu wa sentimita mbili tu, na inaingia ikiwa imesimama.

Halafu kuna 14+. Hili nalo linasomwa kama ugumu wa mtihani. Sheria ya Ulaya inasema mfano sahihi wa treni uliotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa miaka 14 na kuendelea hauhesabiwi kuwa kifaa cha kuchezea, kwa hiyo hauwajibiki kupita kwenye vipimo vya vifaa vya watoto. Ukiona 14+ jua kwamba hapo hakuna aliyelazimika kuangalia kama kikono cha juu kinachopokea umeme kinachoma jicho, au kama skrubu zinalegea. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuendesha treni hiyo vizuri sana akiwa na mkubwa kando yake. Usimwachie akalale nayo.

Na umri unaotakiwa kuusoma ni wa yule mdogo kuliko wote anayeingia nyumbani kwako, hata kama zawadi ni ya mkubwa. Hapa kwetu hilo si dogo. Mtwara iliwahi kuwa na reli yake, ile iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza kwenda hadi Nachingwea. Mpango ulikufa mwaka 1951 na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watoto wa mtaani kwetu wanaisikia SGR, reli mpya ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma, kwenye taarifa ya habari, lakini wengi hawajaona treni kwa macho. Ukiwasha injini ya urefu wa kiganja, mlango unajaa. Anakuja wa miaka 10 kambeba mdogo wake wa mwaka mmoja mgongoni, anamtua sakafuni ili aone vizuri, na huyo wa mwaka mmoja ndiye anayeokota gurudumu. Mimi nimeweka meza juu ya usawa wa kifua cha mkubwa, na sehemu ndogondogo zinakaa kwenye kopo lenye kifuniko cha kuzungusha. Wakiingia watoto, nakagua sakafu kwanza.

Rimoti ikiwa na betri bapa kama sarafu, hakikisha kifuniko chake kina skrubu. Betri ya milimita 20 ikinasa kwenye koromeo la mtoto inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba mtoto kaimeza, nenda hospitali muda ule ule, usimtapishe, usisubiri kuona dalili.

Kwa vimiminika nitasema moja tu. Mafuta ya kutolea moshi kwenye bomba la injini, na vingi vya kusafishia reli, huwa na mchoro wa mtu mwenye nyota nyeupe kifuani ndani ya pembenne yenye mpaka mwekundu. Kikimezwa kinaweza kuteleza hadi kwenye mapafu, ndiyo maana hutakiwi kumtapisha aliyekimeza. Sasa sisi tuna mazoea ya kuhamishia mafuta ya taa na petroli kwenye chupa za maji ya kunywa. Ukihamisha, onyo limebaki kwenye chupa uliyoitupa. Kiache kwenye chupa yake. Na reli usizisafishe kwa petroli, kwa sababu mota ya treni inatoa cheche inapozunguka. Tumia spiriti kidogo kwenye kitambaa, acha ikauke kabisa, ndipo uwashe.

Linabaki suala la mtumba, ambako kitu kinakuja bila boksi na bila onyo lolote. Usichukulie ukimya huo kuwa usalama. Juni 2007 huko Marekani ziliitwa zirudishwe treni za mbao za watoto zipatazo milioni 1.5 kwa sababu rangi zake nyekundu na njano zilikuwa na risasi, na zilikuwa zimeuzwa madukani kama kitu salama. Treni ya mtumba ambayo rangi inabanduka, mimi simpi mtoto mdogo, hata akililia. Adapta isiyo na kikaratasi siichomeki. Na kitu kipya cha dukani kikikushtua kwa joto au harufu, hifadhi risiti na boksi, kipeleke TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wana ofisi ya Kanda ya Kusini hapa hapa Mtwara.

Ukinitumia picha, piga pia upande wa chini wa adapta, karibu, herufi zisomeke.