Oili Inadondoka Huku, Inatoka Kule

Simu yangu wiki hii imejaa picha za sakafu. Kuna ya saruji, kuna ya kabro, kuna mchanga wa Bamburi, na kila moja ina doa jeusi katikati na swali chini yake: fundi, hii ni nini? Magari yenyewe ni makongwe. Sheria yetu ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini likishateremka bandarini wenyewe tunaacha kuhesabu. Raba za ndani ya injini haziachi.

*Shikamoo fundi. Corolla yangu 110, injini 5A, inadondosha oili pale injini inapokutana na giaboksi. Fundi wangu asema sili ya nyuma imekufa, giaboksi lishushwe. Nimwamini? (Mwalimu, Kisauni)*

Marahaba mwalimu. Usimkatalie, ila usimlipe bado. Sili ya nyuma, raba inayozuia oili pale krenki (mhimili wa injini) inapotokeza kwenda giaboksi, kweli hufa, nayo yenyewe ni bei ndogo. Kinachouma ni kazi: giaboksi lishuke, klachi ifunguliwe, flaiwili itolewe, ndipo uione. Ukifika huko ukaikuta nzima, pesa imeshaliwa.

Oili inateremka kama maji ya paa, na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, ikivuja upande wa nyuma, oili inafuata ukuta wa injini hadi chini, inakusanyika penye giaboksi, inadondoka. Ukiingia chini ya gari utaapa ni sili. Na kama 5A yako ina distribyuta, ile inayogawia plagi moto, hiyo imefungwa ubavuni mwa hedi (sehemu ya juu ya injini), upande uleule wa giaboksi, na ndani ina pete ya raba. Hiyo pete ndiyo mtuhumiwa wangu wa kwanza.

Fanya hivi. Injini ikiwa baridi, funika distribyuta na altaneta kwa mifuko ya plastiki. Paka sabuni ya kutoa grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya taratibu, si ile pampu ya kuoshea magari. Iache ikauke kabisa. Kisha chukua poda ya mtoto, ndiyo, hiyohiyo ya dukani, uipulizie kwenye viungo vyote kuanzia juu: ukingo wa tapeti kava, chini ya distribyuta, ukuta wa injini, hadi sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Toka Kisauni, vuka daraja la Nyali, zunguka mjini, rudi. Fungua boneti ukiwa na tochi na kioo cha kunyolea ndevu. Poda itakuwa nyeupe kila mahali isipokuwa njia moja ya kahawia. Ifuate kwenda juu mpaka unyevu uishe. Hapo ulipoishia ndipo inapotoka, hata kama tone liko mbali chini yake.

Corolla kama yako ilinijia na hadithi hiyohiyo. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea kofia, ikianzia chini ya distribyuta. Pete nilipoitoa haikujikunja, ilikatika vidoleni kama biskuti. Pete mpya, nusu saa, kwisha. Jambo moja tu: kabla hujalegeza bolti za distribyuta, chora alama ilipokaa. Ukiirudisha imegeuka kidogo, taiming (wakati wa plagi kuwasha) imeharibika na gari litakohoa kupanda Makupa.

Ikiwa poda imeonyesha juu kote kukavu na oili inatoka ndani ya nyumba ya klachi, basi fundi wako alikuwa sahihi, giaboksi lishushwe. Mwambie apitishe ukucha pale sili inapogusa krenki. Kama kuna mfereji, sili mpya aikalishe mbele au nyuma kidogo ya mstari wa zamani, la sivyo mtaonana tena.

*Nitajuaje kama ni oili ya injini au kitu kingine? Gari ni Probox. (Dada wa Nyali)*

Laza katoni jeupe chini usiku kucha. Kahawia au nyeusi ni oili ya injini. Nyekundu ni ya giaboksi la otomatiki au stearingi. Kijani au waridi, yenye utamu wa harufu, ni maji ya rejeta. Majimaji ya utelezi karibu na gurudumu ni breki: usiliendeshe hilo, ita fundi aje. Na kama ni maji safi yasiyo na rangi wala harufu, ni AC tu. Kwa unyevu huu wa Mombasa, AC inamwaga maji kama bomba bovu, na watu wawili wiki hii wamenitumia picha za maji hayo.

*Kila nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni nasikia harufu ya oili kuungua, na moshi mwembamba kwenye boneti. Nikitembea inapotea. (Dereva wa teksi)*

Haipotei, upepo ndio unaoibeba. Oili inadondokea ekzosti. Mara nyingi ni tapeti kava upande ulio juu ya ekzosti, na hili usiliweke kiporo, kwa sababu ekzosti yenye joto na matambara yaliyolowa oili ndiyo mapishi ya moto. Toa matambara yote yaliyosahauliwa humo ndani leo. Gasketi ibadilishwe wiki hii. Ukiwa hapo chomoa na plagi: zikitoka zimelowa oili, raba za mashimo ya plagi nazo zimekwisha, na kwa injini nyingi zinauzwa pamoja na gasketi ya juu.

*Nimebadilisha gasketi ya tapeti kava mara mbili na bado inavuja palepale. Gasketi za siku hizi ni feki? (Mzee wa Changamwe)*

Feki zipo, mzee wangu. Lakini mara mbili palepale, naanza kushuku mambo mengine, na la kwanza lilinifedhehesha mimi mwenyewe nikiwa kijana. Nilimfungia mteja gasketi safi, akarudi. Nikafunga nyingine na silikoni juu, akarudi akiwa amenuna. Mwalimu wangu wa gereji hakusema neno. Alichomoa vali ya bridha kwenye tapeti kava, akaitikisa sikioni kwangu. Kimya. Iliziba kwa masizi.

Injini inapofanya kazi, gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia chini kwenye krenki. Hiyo gesi lazima itoke, na mlango wake ni bridha, inayoirudisha kwenye hewa inayoingia ili ichomwe. Mlango ukiziba, presha inatafuta penye udhaifu, na gasketi mpya haiwezi kuizuia. Tikisa vali hiyo: nzima inalia kwa ndani kama njuga. Kisha washa gari lingurume taratibu, fungua kifuniko cha oili, weka karatasi ya risiti juu ya tundu. Ikinyonywa, au ikitulia tu, vizuri. Ikirushwa juu, kuna presha. Badilisha vali na mpira wake, ujaribu tena. Ikiendelea kurushwa na moshi unapuliza hapo tunduni, ringi zimechoka, na hayo ni mazungumzo ya kuovahoo, yaani kufungua injini nzima na kuitengeneza upya, si ya gasketi.

Bridha ikiwa nzima, angalia mkono uliofunga. Bolti hizi ni za spana ndogo na nguvu ndogo. Anza katikati ukienda nje kwa kupishana, raundi mbili, ukisikia imekamata acha. Wengi hukaza kama nati za gurudumu, bati la kava linapinda, na likishapinda halikai tena. Liweke juu ya kioo uone kama linachezacheza. Na silikoni: ukubwa wa punje ya mchele, kwenye kona tu zile hedi inapokutana na vishikizo vya kamshafti. Ikizidi, inamenyeka ndani, inashuka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Nimetoa vipande vyake kwenye chujio, vimekaa kama minyoo. Huyo aliyevipaka alidhani anaokoa injini.

*Kuna dawa ya kumwaga ndani izibe? Na oili nzito je? Na jirani anasema niweke kidogo ya breki. (Kijana wa Majengo)*

La breki kwanza: usithubutu. Oili ya breki inafurisha raba kwa siku chache, kisha raba inalegea kama chapati iliyochovywa chai, na oili yako imeharibika juu yake. Dawa za dukani hulainisha sili iliyokauka, kwa hiyo kwa tone dogo la sili ya nyuma zinaweza kukusogeza. Gasketi iliyopasuka hazioni. Oili nzito, kama 20W-50, inapunguza kasi ya tone, na injini nyingi za zamani zinaivumilia kwa joto letu. Soma kitabu cha gari uone kama imo. Usiimwage kwenye Probox inayotaka 5W-30.

*Hiace ya abiria ilifanyiwa sevisi jana, leo oili inamwagika kama bomba. (Mtwapa)*

Zima gari, usiende hata steji ya pili. Chomoa filta. Naona raba ya filta ya zamani imebaki imeng'ang'ania kwenye injini, na mpya imefungwa juu yake. Itoe, futa, paka oili kidogo kwenye raba mpya, kaza kwa mkono.

*Tone ni dogo. Siwezi kuongeza oili tu nikaendelea? (Shanzu)*

Unaweza, kama unapima kweli. Kwa magari mengi, kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti ni kama lita 1. Pima kila Jumamosi asubuhi gari likiwa baridi, tena pahali tambarare, uandike. Ikiwa oili inatoka mbele, kwenye upande wa taiming, usingoje, maana kwenye gari la mkanda oili inaulowesha mkanda na siku ukikatika utakukuta Mazeras. Sili za kamshafti na krenki zibadilishwe pamoja na mkanda, ni kazi moja.

Na kwa kuwa wewe uko Shanzu, karibu na maji, inama utazame sampu. Chumvi inaila. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya debe la zamani. Kikiwa kimeoza tafuta sampu nyingine, kiraka cha kuchomelea hakikai juu ya kutu. Na gari likipanda jeki, weka stendi kabla hujaingiza kichwa.