Kuzidisha namba kubwa: mtoto ajue mwenyewe kama amepata

Upimaji wa darasa la nne ukikaribia, nyumba nyingi hapa Dodoma husikika tebo jioni nzima: sita mara moja, sita mara mbili... Sina ugomvi na tebo. Ila mtoto anayekwama kwenye 36 × 24 mara nyingi tebo anaijua. Anachoogopa ni zile namba mbili zilizopandana, hajui aanze na ipi.

Mpwa wangu alikuwa hivyo. Mama yake ana duka Nkuhungu, anauza mayai. Nikamuuliza: trei 24 zina mayai mangapi? Trei moja mayai 30, analijua hilo tangu mdogo. Akasema 24 mara 3 ni 72, weka sifuri, 720. Nikamwambia amezidisha namba kubwa. "Aa, mjomba, hayo si mayai tu!"

Basi nikasema tuseme kila trei imeongezwa mayai 6. Nyongeza ni 24 × 6, yaani 144. Jumlisha na 720, unapata 864. Hiyo ndiyo 36 × 24 yenyewe.

Kwenye daftari, 24 ikiwa juu na 36 chini, kosa kubwa liko mstari wa pili. Mtoto ameambiwa "ruka nafasi moja" bila kuambiwa sababu, akisahau anaandika 72 chini ya 144 na kupata 216. Ile 3 ya 36 ni makumi matatu, kwa hiyo aandike 720 na sifuri yake. Wapo wanaoona sifuri hiyo ni ya kupoteza wino. Kwa anayeanza, mimi naitaka.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: akadirie kabla ya kukokotoa. 36 iko karibu na 40, 24 karibu na 20. 40 × 20 ni 800. Akipata 216 atashtuka mwenyewe, bila kukutazama usoni kusubiri uguno wako. Kujiamini kunaanzia hapo, si kwenye pongezi.

Maswali mawili matatu kwa jioni yanatosha, na usimshikie saa. Tebo zinazomsumbua, labda 7 × 8 na 6 × 9, ndizo za kurudia, nyingine ziache. Kikokotoo cha simu kije mwisho, kuhakiki.

Akishazoea, mpe 136 × 24. Atashangaa kazi ilivyo ndogo: 100 × 24 ni 2,400, na ile 864 anayo tayari.