Viungo "hushughulikiwa ipasavyo": kwa mujibu wa nani?

SWALI: Naandika mwongozo wa cp, amri ya kunakili faili kwenye mifumo ya aina ya Unix. Kuhusu viungo vya ishara, yaani majina yanayoelekeza tu kwenye faili lililo kwingine, nimeandika "Viungo vya ishara hufuatwa wakati wa kunakili." Mwenzangu anataka "hushughulikiwa ipasavyo". Ipi sahihi?

JIBU: Yako ina nafuu, ya mwenzako haina utetezi. Shughuli tuliipokea kutoka Kiarabu ikiwa na maana ya kazi, na hapa kazi yenyewe ndiyo isiyotajwa. Msomaji wa mwongozo hahitaji kuhakikishiwa kwamba mambo yamekwenda vizuri. Anauliza atakuta nini upande wa pili: kiungo, au faili lenyewe?

Chukua saraka (folda) iitwayo kazi, ndani yake mna kiungo ripoti.txt kinachoelekeza kwenye ../hifadhi/ripoti.txt. Andika cp kazi/ripoti.txt /mnt/nakala/ na utapata faili kamili, maudhui yote. Andika cp -R kazi /mnt/nakala/ (-R hunakili saraka na vyote vilivyomo) na cp ya GNU, iliyo kwenye mifumo mingi ya Linux, itanakili kiungo kitupu. Njia yake huhesabiwa kuanzia pale kilipo, kwa hiyo sasa kinatafuta /mnt/nakala/hifadhi, saraka ambayo hukuinakili. Hakuna onyo. Utagundua siku unayoihitaji nakala, na asili imeshafutwa. Matokeo mawili yanayopingana, na yote mawili, bwana wee, ni "ipasavyo"!

Kiswahili kimetupa upatanisho wa ngeli, nasi tunautupa. "Hukinakili" ni kiungo, "hulinakili" ni faili. Hakuna wa kuzichanganya. Lakini waandishi wa miongozo wana "inanakiliwa" moja ya kila kitu: kiungo inanakiliwa, faili inanakiliwa, saraka inanakiliwa. Wanaosema "faili hii" nimechoka kugombana nao, waendelee. Hata kwao, "hukinakili" na "huinakili" bado hutofautiana. "Kiungo inanakiliwa" siisamehe.

Andika hivi: "Bila -R wala -P, cp hunakili faili ambalo kiungo kinalielekezea. Kwa -R pamoja na -P, hunakili kiungo chenyewe. Kwa -R na -L, hunakili yale yanayoelekezewa, popote kiungo kilipo. Kwa -R na -H, hufanya hivyo kwa viungo ulivyovitaja kwenye amri tu. Vile inavyovikuta ndani ya saraka huvinakili kama viungo." Usiiache -R peke yake: kiwango cha POSIX, kinachoeleza jinsi amri za Unix zinavyopaswa kufanya kazi, hakisemi ipi kati ya hizo tatu ndiyo chaguo-msingi, kwa hiyo mfano wako hauna hakika kwenye kila mfumo.

Sentensi yako nayo ina pengo: haisemi viungo vya wapi. -H, -L na -P zinahusu chanzo. Kule kunakonakiliwa, jina likiwa tayari ni kiungo cha faili lililopo, cp hupitia humo na kuandika juu ya faili hilo, lililo mbali na pale ulipodhani unaandika. Kwa cp ya GNU, --remove-destination hukiondoa kiungo hicho kwanza. Hilo lipe aya yake, na kitenzi chenye mtendaji.