Kwa nini kilo 15 tu kwenye Caravan ya Wilson kwenda Mara

Uliyeuliza kama kikomo cha mzigo cha kilo 15 kwa abiria, kwenye ndege ndogo ya Caravan kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, ni njia ya kampuni kujipatia hela ya mzigo: hapana, ni hesabu ya uzito. Cessna Grand Caravan hairuhusiwi kuruka ikizidi kilo 3,969 hivi. Chukua mfano: ndege tupu 2,300, marubani wawili 160. Mafuta 470, kwa sababu viwanja vingi vya Mara ni vya changarawe na havina mafuta, kwa hiyo inabeba ya kwenda, kurudi na akiba. Zinabaki kama 1,040. Abiria na begi lake ni kilo 95, basi wanaenea 10, hata kama viti ni 12.

Halafu kuna joto, na hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Wilson iko mita 1,690 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28 hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 2,500, ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili iruke na inapanda polepole. Kwa hiyo uzito lazima upunguzwe, ndiyo maana begi linaweza kubaki mchana wakati asubuhi lingepita.

Tumia begi laini. Mizigo mingi huwekwa kwenye kasha lililo chini ya tumbo la ndege, na milango yake ni midogo, sanduku gumu halipindiki. Una vifaa vya kamera? Uliza mapema kuhusu kununua kiti cha ziada, usisubiri mizani ya kaunta.