Tovuti ndogo ya WordPress: matunzo kwanza, sura mwisho

Mwenye tovuti ya duka, shule ya chekechea au kikundi cha kuweka na kukopa akiona tovuti yake imechakaa, kwanza hukimbilia kubadili themu, yaani vazi la tovuti. Anaweka rangi mpya na picha kubwa juu, kisha anaridhika. Wiki mbili baadaye fomu ya mawasiliano bado haifikishi ujumbe, bei ni za mwaka juzi, na ukurasa wa mbele unafunguka polepole kuliko zamani. Sura iachwe mpaka kazi nyingine ziishe, na kazi hizo zinaanza na nakala ya akiba.

WordPress, programu inayoendesha tovuti hizi, ina sehemu mbili, na wengi huhifadhi moja tu. Maandishi yako yote, maoni ya wasomaji, watumiaji na mipangilio vimo kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya data ya tovuti. Picha zimo kwenye folda ya wp-content/uploads, na plagini (programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo) na themu zimo humohumo ndani ya wp-content. Ukipakua mafaili pekee, utabaki na picha zisizo na habari. Ukipakua kanzidata pekee, utabaki na habari zenye matundu palipokuwa na picha. Kama hosti yako (kampuni inayokuhifadhia tovuti) inatumia cPanel, ukurasa wa kusimamia akaunti yako, fungua humo phpMyAdmin, zana ya kushughulikia kanzidata, chagua kanzidata (jina lake limo kwenye faili la wp-config.php, mstari wa DB_NAME), bofya Export na uhifadhi faili la .sql. Kisha nenda File Manager, bana folda ya wp-content iwe zip, uipakue pamoja na wp-config.php na .htaccess, faili la maagizo kwa seva. Hilo la mwisho linaanza na nukta, kwa hiyo hulioni mpaka uwashe mpangilio wa kuonyesha mafaili yaliyofichwa.

Usiiache nakala kwenye seva ileile. Akaunti ikifungwa kwa kuchelewa kulipa, tovuti na nakala vinaondoka pamoja. Weka moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye flashi au Google Drive. Halafu fungua lile faili la .sql kwa programu ya kawaida ya maandishi na utelemke hadi chini. Faili lililotoka phpMyAdmin likiwa zima, karibu na mwisho utakuta neno COMMIT. Kama linaishia katikati ya sentensi ya habari yako, upakuaji ulikatika na hiyo si nakala. Kila baada ya miezi mitatu irudishe yote kwenye kompyuta yenye XAMPP, programu ya kuendesha tovuti kwenye kompyuta yako mwenyewe, uone kama tovuti inasimama.

Nakala ikishakamilika ndipo usasishe, na usasishe moja moja. Dashibodi inakuruhusu kuchagua plagini zote kwa mpigo, lakini hosti za bei nafuu hutoa kumbukumbu kidogo na muda mfupi wa kuendesha PHP (lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo), na kazi ikikatika katikati hutajua ni ipi iliyoharibu. Sasisha plagini moja, fungua ukurasa wa mbele na ukurasa mmoja wa ndani, kisha endelea na inayofuata. Tovuti ikionyesha ujumbe kwamba iko kwenye matengenezo na ikagoma kurudi, sababu ni faili liitwalo .maintenance ambalo WordPress huliweka kwenye folda kuu wakati wa kusasisha. Baada ya dakika 10 WordPress hulipuuza yenyewe. Ukiwa na haraka, lifute.

Kosa zito zaidi ni lile linalozima tovuti nzima. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kwa dharura. Tatizo ni kwamba tovuti nyingi ndogo bado zina anwani ya fundi aliyezijenga, na barua inamwendea yeye. Nenda Settings, General, uweke anwani unayoisoma kila siku. Barua isipofika, ingia File Manager, folda ya wp-content, ubadilishe jina la folda ya plugins liwe plugins-zima. Sasa ingia kwenye dashibodi na ufungue ukurasa wa plagini. Hatua hii usiiruke, kwa sababu ni pale unapoufungua ukurasa huo ndipo WordPress inapogundua kwamba plagini hazipo na kuzizima. Rudisha jina la folda, kisha washa moja baada ya nyingine mpaka mkorofi ajulikane.

Plagini usiyoitumia ifute kabisa. Kuizima hakutoshi, maana mafaili yake yanabaki kwenye seva na tundu la usalama linabaki nayo. Themu nazo ni hivyohivyo: bakiza yako na moja ya zile zinazokuja na WordPress, ya kuangukia siku yako ikivunjika. Kuhusu PHP, toleo la 7.4 liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, na bado linaendesha tovuti nyingi. Sasisha plagini na themu kwanza, ndipo upandishe PHP. Kitu kikigoma, rudisha toleo la zamani kwenye cPanel. Ni kazi ya dakika moja.

Fomu ya mawasiliano ndiyo inayowakosesha watu wateja kimyakimya. Mgeni anajaza, anaona "Asante, ujumbe umetumwa", na wewe hupati kitu. WordPress bila msaada hutuma barua kupitia PHP ya seva, kwa anwani ambayo mara nyingi haina sanduku lolote nyuma yake, na tangu Februari 2024 Gmail inawadai watumaji wote wawe na SPF au DKIM, njia mbili za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye jina la tovuti hiyo. Fungua sanduku halisi la barua kwenye jina la tovuti yako, weka plagini ya SMTP (ya kutuma barua kupitia sanduku hilo), jaza seva, bandari 587 au 465 na nenosiri, kisha hakikisha rekodi ya SPF ipo kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina la tovuti. Jaribu kwa simu isiyo yako, ukituma kwenda Gmail, na uangalie hadi folda ya spamu. Kiungo cha WhatsApp nacho kikaguliwe siku hiyohiyo: baada ya wa.me/ namba inaanza na 255 au 254, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Sifuri ikibaki, mteja anaambiwa namba haipo.

Picha zinastahili muda wako kuliko rangi. Ukipakia picha ya simu yenye upana wa pikseli 4000, WordPress hutengeneza nakala ya 2560, kisha ya 2048, 1536, 1024, 768, 300 na 150, na ya asili inabaki. Picha moja imekuwa mafaili manane kabla themu haijaongeza saizi zake. Hosti nyingi huhesabu idadi ya mafaili mbali na ukubwa wake, ndiyo maana tovuti yenye nafasi tele inaweza kuambiwa imejaa. Punguza upana hadi 1200 kabla ya kupakia, uhifadhi kwa JPEG au WebP, ulenge chini ya KB 150. Utabaki na mafaili matano mepesi, na msomaji anayetumia bando la shilingi mia tano hatalimaliza kwa kuangalia menyu ya mgahawa wako.

Tovuti za zamani zina ugonjwa mwingine: zimehamia https lakini ndani bado zimejaa viungo vya http, na kivinjari kinalalamika. Usishawishike kubadili kwa amri ya kawaida ya SQL, lugha ya kanzidata. Mipangilio mingi imehifadhiwa kwenye kanzidata pamoja na hesabu ya herufi zake, hivi:

s:18:"http://mfano.co.tz"

Ukiongeza s, herufi zimekuwa 19 lakini hesabu bado inasema 18. PHP inaukataa mpangilio mzima, na ghafla wijeti za pembeni au mpangilio wa themu umepotea. Tumia plagini ya Better Search Replace au amri ya wp search-replace (ya WP-CLI, zana ya kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi), maana hizo husahihisha na hesabu. Endesha jaribio lisilobadilisha kitu kwanza, usome idadi ya mabadiliko, ndipo utekeleze.

Baada ya hapo njoo kwenye maandishi. Fungua Search Console, huduma ya Google inayoonyesha watu wanavyokufikia kutoka utafutaji, uone kurasa kumi zinazoleta watu wengi, uanze na hizo: bei, namba za simu, lipa namba, saa za kazi, majina ya wahusika. Usibadili anwani ya ukurasa kwa sababu tu kichwa kimebadilika. Ukibadili anwani ya makala, WordPress hukumbuka ile ya zamani na kumwelekeza msomaji. Kwa kurasa za kudumu haitunzi kumbukumbu hiyo. Ukilazimika, weka mstari kama huu kwenye .htaccess:

Redirect 301 /bei-2021/ /bei/

Uweke juu ya alama ya BEGIN WordPress. Kilichopo kati ya alama hiyo na END huandikwa upya na WordPress yenyewe, na mstari wako utafutika.

Kama huwa unapanga makala zitoke saa fulani na zinachelewa, saa haina kosa. WordPress hukagua ratiba pale mtu anapoitembelea tovuti, na tovuti ndogo inaweza kukaa saa nyingi bila mgeni. Weka kazi ya cron (amri inayojiendesha kwa ratiba) kwenye cPanel iite wp-cron.php kila dakika 15.

Jina la tovuti nalo liangaliwe kabla ya kugharamia chochote. Kama ni la .co.tz au .co.ke, muulize msajili wako limeandikishwa kwa jina na barua pepe ya nani. Likiwa la fundi, lihamishe sasa mkiwa bado mnaelewana.

Sasa badili themu, na ifanyie kazi kwenye ile nakala ya XAMPP kwanza. Mambo matatu hupotea wakati wa kuhama: CSS ya ziada (maagizo ya mwonekano) uliyoiweka kwenye Customizer, ukurasa wa kurekebisha sura, kwa kuwa imefungwa na themu ya zamani, msimbo wa takwimu uliobandikwa ndani ya header.php, na mahali pa menyu. Nakili viwili vya kwanza kwenye faili la maandishi kabla ya kubofya. Ukitaka kuhariri mafaili ya themu mpya, tengeneza themu-mtoto, yaani themu ndogo inayorithi themu hiyo na kubeba mabadiliko yako, kwa sababu sasisho la kwanza la themu-mzazi litafuta kila ulichoandika ndani yake. Ukimaliza, safisha kashe (nakala za muda za kurasa), zima Wi-Fi, ufungue tovuti kwa simu ya bei ya chini kwa data ya kawaida, na utume ujumbe mmoja kupitia ile fomu.