Farasi wenye tezi na punda wa jirani

Wa alaykumu salaam, kaka wa Paje. Umeuliza kama kupima vinasaba vya bakteria kutathibitisha kwamba punda wa jirani ndiye aliyewaambukiza farasi wako wawili, waliovimba tezi chini ya taya na kutoka usaha puani.

Kutakusaidia nusu tu. Ikiwa ni Streptococcus equi, bakteria wanaoleta maradhi haya ya tezi kwa farasi, maabara husoma jeni yao moja iitwayo SeM, ambayo hubadilika upesi. Aina ya bakteria wa farasi na ya wa punda zikitofautiana, muache mtoto wa watu, huenda maradhi yametoka kwingine. Zikifanana, huenda chanzo ni kimoja, lakini nani kamwambukiza nani, kipimo hakisemi. Pengine ni farasi wako mwenyewe, aliyeugua zamani akapona, bado ana vimelea kwenye vifuko vya hewa nyuma ya koo. Hukaa humo miezi, hata miaka, na kwa macho mnyama ni mzima kabisa! Kwa hivyo sampuli ya pua peke yake haitoshi. Daktari wa mifugo avioshe vifuko hivyo kwa maji ya chumvi, kisha maji yapimwe kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya bakteria.

Lakini hayo yasubiri. Leo watenge wagonjwa, na safari za watalii ufukweni zisimame. Wazima wapime joto asubuhi na jioni. Anayepita nyuzi 38.5 mtoe kundini siku hiyo hiyo, maana homa hutangulia usaha kwa siku mbili tatu. Na ile ndoo ya kisimani mnayochangia na jirani, kila mmoja awe na yake.