Uliza Fundi: Mikwaruzo kwenye plastiki za ndani ya gari

Nabeba kreti za samaki na mboga kwa Probox hadi soko la Kibuye. Kuta za plastiki kwenye buti zimejaa michirizi myeupe. Jamaa mmoja ananiambia nipitishe moto. Ni kweli, ama nitaharibu zaidi?
*Dereva, Kisumu*

Ni kweli, ila ni hewa ya moto, si kiberiti wala mtungi wa gesi. Kuta za buti za magari ya kazi kwa kawaida ni polipropilini. Ukiifungua paneli na kuipindua utaona alama PP imechapwa nyuma. Plastiki hiyo ina rangi ile ile hadi ndani, kwa hivyo weupe unaouona si rangi iliyobanduka. Kona ya kreti imeivuta plastiki, ikaacha nyufa ndogo mno zinazotawanya mwanga. Ikipashwa joto hulegea, nyufa zikajifunga, na weusi ukarudi.

Kabla ya moto, lowesha kitambaa kwa spiriti kidogo usugue mchirizi mmoja. Mara nyingi kreti ndiyo imeacha plastiki yake juu ya ukuta, na alama inatoka yenyewe. Isipotoka, osha paneli nzima kwa matone machache ya sabuni ya vyombo katika nusu lita ya maji vuguvugu, ukitumia mswaki laini ili uchafu utoke kwenye vinyweleo, yaani ule ukwaru mdogo mdogo wa uso wa plastiki. Futa kwa kitambaa chenye maji safi, kisha iache ikauke kabisa. Mafuta ya samaki au polishi ya dashibodi ikibaki, joto litaichomea humo na utapata doa linalong'aa.

Paneli ifanyiwe kazi ikiwa nje ya gari. Nyuma yake kuna nyaya za taa na sponji, na vyote hivyo vinachukia joto. Tumia mashine ya hewa ya moto, ile ya mafundi wa kuunga bampa, kwa kiwango chake cha chini. Ishike sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye plastiki, na mkono usisimame hata kidogo. Piga sekunde tano hadi kumi, ondoa, subiri ipoe, tazama, rudia. Anza na sehemu inayofichwa na kapeti ujue plastiki yako inavyojibu. Polipropilini huyeyuka karibu nyuzi 160 za Selsiasi, lakini sura yake huharibika mapema kuliko hapo: vinyweleo hulala na pakaanza kung'aa. Ukiona mng'ao, acha papo hapo, kwa sababu hakuna msasa wala polishi itakayovirudisha. Na usiiguse ikiwa moto, alama ya kidole hubaki.

Mkwaruzo wenye ukingo ulioinuka ukatwe kwanza kwa wembe uliolazwa, ndipo upashe. Palipochimbika hadi plastiki ikatoka, joto litaondoa weupe tu, shimo litabaki. Mashine ya saluni ya kukaushia nywele haina nguvu ya kutosha kwa michirizi kama yako. Halafu, kwa kazi unayofanya, weka mkeka wa mpira au kipande cha plaiwudi kati ya kreti na ukuta, la sivyo utaifanya kazi hii tena baada ya msimu mmoja wa omena.

Plastiki nyeusi ya kung'aa inayozunguka redio na gia ina mikwaruzo kama utando wa buibui. Nimejaribu dawa ya meno, imeacha weupe kwenye mistari ya vitufe.
*Msomaji wa Milimani, Nakuru*

Huo utando umeletwa na kitambaa kikavu. Vumbi ni mchanga mdogo, nawe unausugua. Dawa ya meno nayo ina unga wa kusugulia, lakini unga wenyewe si laini vya kutosha kwa plastiki ya kioo, na ule weupe ndio unga uliokauka. Uondoe kwa mswaki uliolowa kidogo.

Kisha pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usiponasa, polishi ya plastiki inatosha. Ziba vitufe na viungo vyote kwa utepe wa wapaka rangi, weka polishi kadiri ya punje ya njegere kwenye sponji laini, na ufanye eneo la sentimita tano kwa tano kwa mkono mwepesi. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba kilicho safi, uone. Usitumie drili: plastiki hizi nyingi ni za ABS, aina nyingine ya plastiki, zinazolegea karibu nyuzi 100, na sponji inayozunguka kasi huzifikisha hapo upesi.

Ukucha ukinasa, kuna msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, maji yakiwa na tone la sabuni, halafu polishi. Hapa tunakuonya. Baadhi ya paneli hizi zina tabaka jembamba la juu, na ukilitoboa, hasa kwenye kingo, umemaliza. Kwa mkwaruzo mmoja wa ufunguo sisi tungeuacha. Baada ya kusafisha, bandika filamu angavu, ya aina inayobandikwa kwenye skrini za simu.

Petroli au thina inaweza kufuta mikwaruzo kwenye kioo cha mita?
*Kakamega*

Hapana. Kioo hicho ni akriliki au polikaboneti, na thina hukipasua nyufa ndogo zisizotoka, au hukifanya ukungu moja kwa moja. Mikwaruzo midogo hapo husuguliwa kwa polishi ya plastiki.

Mlango wa Fielder umechimbwa na mkanda wenye chuma. Fundi wa mtaani anataka kujaza pati na kupuliza rangi. Je, itashika?
*Mama wa watoto wawili, Bungoma*

Ikiwa paneli ni PP, rangi haishiki bila praima maalumu ya plastiki. Hubambuka vipande vipande kama ngozi iliyoungua jua. Muulize fundi anayo praima gani. Akiwa nayo, anapaswa kuondoa mafuta yote kwa spiriti, kupuliza praima nyembamba, kisha rangi isiyong'aa mikono (tabaka) miwili au mitatu kutoka sentimita 20 hivi, akisubiri dakika 10 hadi 15 kila mkono. Apake paneli nzima hadi kwenye kona. Kiraka cha katikati huonekana hata usiku.

Pati ndiyo tatizo kubwa zaidi. Itajaza shimo, lakini haina vinyweleo, kwa hivyo patabaki laini katikati ya penye vinyweleo. Linganisha bei yake na ya paneli kuukuu kutoka kwa wauza vipuri. Nenda na namba ya chesisi, kwa maana paneli ya Fielder ya toleo la NZE141 haiingii kwenye NZE161, na angalia rangi mchana, nje ya duka.

Nguzo ya kando ya kioo cha mbele imekwaruzwa na ngazi. Imeandikwa SRS AIRBAG. Nayo nipashe moto?
*Kisumu*

Usiiguse kwa moto, pati wala rangi. Nyuma yake kuna mfuko wa hewa unaofyatuliwa na baruti ndogo, na kifuniko kimetengenezwa kiachie njia kwa namna maalumu. Ukikiongezea tabaka au ukikilegeza, huenda kisifunguke vizuri, au kirushe vipande usoni. Onyo hili linahusu pia katikati ya usukani, dashibodi upande wa abiria na ubavu wa viti vyenye alama hiyo. Safisha kwa sabuni na maji kidogo, basi. Mkwaruzo ukikukera sana, nunua kifuniko kingine cha modeli hiyo hiyo, na kibadilishwe betri ikiwa imetolewa waya kwa dakika kadhaa.